Mto wa Somo Mwamvita

Khalfani fundi friji aliukuta msiba wake mwenyewe saa tisa alasiri, siku ya Jumanne, hapa hapa Buza, naye hana hata mafua. Alikuta turubai limefungwa, mabenchi yamepangwa, sufuria la wali linafuka, na vijana wameshatangulia makaburini na machepe. Mie nilikuwepo. Nilikaa mkeka wa tatu kutoka mlangoni, na kipande cha kosa ni changu, nitakisema nikikifikia.

Ila habari hii si ya Khalfani. Ni ya shoga yangu Mwamvita, kungwi wa mtaa wetu, na mto wake wa kukalia. Khalfani ameingia humu kwa sababu ndiye aliyekufa.

Mwamvita binti Mbwana yupo Buza tangu Buza ni mikorosho mitupu na fisi wawili. Mmoja wa fisi wale alikuwa na adabu, ukikutana naye njiani anakupisha. Mwamvita aliletwa hapa akiwa mwali, akaolewa, akazaa, akazika mume, akabaki na nyumba ya vyumba vitatu na kazi yake ya kufunda wasichana. Ana kingoma kidogo kilichowambwa ngozi ya kenge, na akikigonga taratibu kule chumbani, maziwa yaliyoko jikoni yanachemka bila moto. Anayebisha shauri lake. Kuanzia Tandika mpaka Tabata, ukimwona mke wa mtu anapepeta mchele na hakuna punje inayodondoka, jua huyo kapita mikononi mwa Mwamvita. Hata kutoka Kawe walikujaga kumchukua na gari lenye baridi ndani. Akarudi amejifunika kanga tatu, anatetemeka, anasema matajiri wa kule wanaishi kama samaki wa kwenye barafu.

Wote tunamwita Somo. Akipita, wanawake wazima wenye wajukuu wanashusha sauti, kwa sababu anajua kila mmoja alilia nini siku ile chumbani. Na chumba chake kina sheria zake. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa kanga, na linalosemwa humo halitoki.

Fundisho la kwanza ni la maji. Mwali anapewa fundo la maji kinywani, asimeze, asiteme. Kisha Somo anakaa mbele yake na kujifanya mume. Anafoka, anatukana mchuzi, anataja ukoo wa mwali mpaka wa saba, anasema kwani nilikutoa wapi mie. Mwali anatazama chini, mashavu yamevimba, machozi yanatoka lakini maji hayatoki. Akiweza, amefuzu. Somo anampangusa uso na kumwambia, "Yaweke hivyo hivyo, mwanangu, usimpe mtu wa nje hata tone."

Hata mie nilifundwa hivyo, na kungwi aliyemtangulia. Nilimeza kabla hajaanza kufoka, nikasema yamekaushwa na joto.

Aliyeweza kuliko wote ni Salma, ambaye baadaye akawa mke wa huyu Khalfani. Siku yake, miaka kumi na minne imepita sasa, Salma alikaa na maji yale tangu adhuhuri mpaka alasiri, na Somo alipomgusa shavu lilikuwa limepoa kama mtungi. Somo alijivuna naye mno. Kila mwali aliyefuata alisimuliwa habari za mashavu ya Salma.

Basi, mwaka juzi akahamia mtaani kwetu Mwalimu Tupokigwe. Ni mtu wa Rungwe, mwalimu mstaafu, mrefu, anayepiga hatua kama anapima kiwanja. Mumewe alipofariki, mashemeji walikuja na lori wakamtoa ndani kabla matanga hayajaanuliwa. Hakulia, anasema, alikuwa anahesabu viti vyake vinavyopakiwa. Alipofika huku akaanzisha kikundi cha akina mama. Kazi yao ni moja tu, na haina kelele. Mwanamke akionewa nyumbani kwake na hana pa kusemea, wanakwenda na mikeka, wanatandika uani kwa yule bwana, wanakaa kimya mpaka aje azungumze na mkewe mbele ya watu. Walikuwa watano. Walishakaa Yombo, walishakaa Tandika, bado kwetu. Watu wakawaita wanaharakati, wao wakalichukua jina, wakachapisha fulana za zambarau zenye maneno meupe kifuani: MIMI NI MWANAHARAKATI.

Mwalimu akapita nyumba kwa nyumba anazigawa. Hakuna aliyeikataa, fulana ya bure nani anaikataa. Na hakuna aliyeivaa ikaonekana. Filomena, jirani yetu muuza mboga, aliivaa ndani nje, maneno yakawa yanagusa ngozi, akasema yanampa joto zuri. Binti yangu alifungia dirisha. Mie niliivaa chini ya dera, na nikimwona mtu anakuja naikunja mikono kifuani kama naumwa.

Siku moja tuko barazani kwa Mwamvita tunachambua mchele, Mwalimu akaja akasalimia, shikamoo kwa Mwamvita na kwangu, akakaa. Akamgeukia Filomena.

"Mama Monica, kuna neno hata moja tunalosema sisi wewe unalipinga?"

"Silipingi hata moja."

"Basi mbona fulana umeigeuza?"

"Mwalimu, mie nina mume."

"Na mimi nilikuwa naye."

"Ndo hapo sasa. Watu wanasema nyie wote ni wajane na walioachika. Mtu akikaa na nyie, wiki mbili tu, anaachika."

"Tena mnalipwa na Wazungu," mie nikatia maneno, nipate kuona atasemaje.

"Bibi Chausiku, ningekuwa nalipwa ningevaa hizi?" Akanyoosha mguu. Tukazitazama ndala zake. Moja ilikuwa imeshonwa kwa waya wa redio. Tukarudi kwenye mchele.

Mwamvita aliacha kuchambua. Aliweka ungo chini.

"Nisikilize, Mwalimu. Mie naitwa na mama wa binti. Na mama wa binti anataka jambo moja, ndoa ya mwanawe ikae. Nikivaa hiyo, atasema yule kizee sasa anawafunda mabinti wawatandikie waume mikeka. Nani ataniita tena?"

"Kwa hiyo Somo unaogopa."

"Mie naitwa Somo kwa sababu naitwa. Siku nisipoitwa ni kizee mwenye kingoma."

Mwalimu akainamisha kichwa. Akataka kuondoka, Mwamvita akamshika mkono.

"Lakini hiyo fulana niachie. Kitambaa chake laini."

Akauvalisha mto. Mwamvita ana nyonga mbovu, hakai popote bila mto wake mdogo wa sufi, anatembea nao kwapani kama mwenzake anavyotembea na pochi. Akauingiza ndani ya fulana, akafunga mikono nyuma, akauzungushia kanga juu, zambarau isionekane hata uzi. Harusini anaukalia, msibani anaukalia, na mchana baada ya swala anaulalia.

Hapo ndipo ndoto zilipoanza.

Mchana wa Buza mnaujua. Baada ya adhuhuri jua linasimama juu ya mabati na kusahau lilikuwa linakwenda wapi. Singeli ya kwa kinyozi inazimwa, kuku wanajilaza na mbawa wazi, vumbi linabaki limening'inia pale pale lilipoachwa na bodaboda ya mwisho. Mtaa mzima unasinzia. Mwamvita akilaza shavu juu ya mto ule, anajiona anatembea barabara ya kwetu, nayo imejaa maji mpaka magotini, maji maangavu, hayana takataka, unaona kokoto chini. Wanawake wote wa mtaa wamesimama milangoni mwao, mashavu yamevimba. Anamwona Filomena, ananiona mie, anamwona mama yake aliyekufa zamani, naye mashavu yamevimba. Anataka kuwaambia temeni sasa, imetosha. Anafungua mdomo, na mdomo wake nao umejaa.

Aliniambia ndoto hiyo mara tatu. Mara ya nne nikamwambia hata mie nimeiota, na katika yangu kulikuwa na mamba. Mamba niliongeza. Mengine ni kweli.

Siku ya Jumapili mchana Salma akaja kwa Somo wake. Nilikuwepo, mie huwa nipo. Alikaa chini, akavua viatu, akavipanga vizuri, akavipanga tena.

"Somo, Khalfani anauza nyumba."

"Nyumba gani?"

"Yetu. Mnunuzi anakuja Jumanne alasiri kuiona. Kuna mtu Goba, Somo. Anataka kumjengea huko."

Nyumba ile niieleze kidogo. Khalfani alinunua kiwanja, kweli. Lakini matofali ni vitumbua vya Salma, vya kila alfajiri, miaka kumi na miwili. Kila kapu likiisha, mfuko mmoja wa saruji. Siku za joto kali kuta zile zinatoa harufu ya hiliki. Nimewahi kuegemea ukuta wa jikoni nikapata njaa. Jina lililoandikwa kwenye karatasi, hata hivyo, ni la Khalfani peke yake.

"Umezungumza naye?" Mwamvita akauliza.

Salma akamtazama tu. Na sie wawili tukaona mashavu yake. Yalikuwa mazito, yameinuka kidogo, kama mtu aliyeshika kitu ndani. Miaka kumi na minne, na hakuna aliyemwambia ateme.

"Nimefanya ulivyonifunda, Somo."

Mwamvita akaanza kukunja ncha ya kanga na kuikunjua. Baadaye akasema, "Nenda kwa Mwalimu Tupokigwe. Wale wanajua."

"Nimekwenda. Amesema watakuja na mikeka. Lakini ni watano, Somo, na wanne hata hawakai Buza. Majirani wataangalia dirishani, watacheka, watarudi ndani. Khalfani atawafukuza kama kuku." Akavivuta viatu vyake karibu. "Ukiwepo wewe hawezi."

"Mie, mwanangu, siwezi kukaa na wale."

"Najua."

"Kuna harusi mbili mbele. Wameshaniambia."

"Najua, Somo." Akavaa viatu vyake.

Alipofika mlangoni Mwamvita akamwita. "Nitapita. Nitakuja kukaa tu kama jirani. Mtu asiniulize kitu na mie sisemi kitu."

Jumanne saa sita wakatandika mikeka. Mwalimu na wenzake wanne, kanga kichwani, kimya, mmoja na mwingine wameachiana nafasi. Salma akatoka akakaa mbele yao, na uchungu uliokuwa umemkaa ukamtoka kwa machozi, akawa analia bila sauti. Mwamvita akaja na mto kwapani, akauweka pembeni kabisa, nusu mkekani nusu mchangani. Mie nikakaa karibu yake.

Sasa nyie watu wa hapa hebu niambieni. Ukipita ukaona uani kwa mtu mikeka, wanawake wamejifunika, hakuna anayeongea, mwenye nyumba analia, unafikiri nini?

Wa kwanza kupita alikuwa Filomena na beseni la mchicha kichwani. Akasimama, akalishusha beseni polepole. Akaniuliza kwa macho. Na hapa ndipo kipande changu. Ningeweza kusema. Badala yake nilishusha pumzi ndefu, nikatikisa kichwa, nikasema, "Ndiyo hivyo tena, Mama Monica."

Filomena akashika mdomo. "Khalfani?"

"Ndiye," nikasema, kwa sababu ndiye hasa tuliyekuwa tunamsubiri.

Mwamvita alinifinya paja mpaka leo pana alama. Lakini hakunikanusha. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anaona mikeka ile ilivyo mitupu.

Msibani mtu haulizi sana. Anavua viatu, anakaa. Filomena akaenda akarudi na kanga, nyuma yake wanawake sita. Sita wakaleta kumi na tano. Wale wote waliovaa fulana ndani nje, waliodekia sakafu, waliofungia madirisha, wote wakaja na mikeka yao, wakakaa bega kwa bega na Mwalimu Tupokigwe, na hakuna hata mmoja aliyeogopa kuonekana. Kwenye msiba nani atakuuliza wewe ni wa wapi. Saa saba wanaume wakafunga turubai. Simu ya Khalfani ilipigwa, ikawa imezimwa, wakaona ndiyo ushahidi wenyewe. Kuhusu maiti, kila mtu alisikia kwa mwenzake kwamba bado iko hospitali na inakuja. Salma alipewa pole akazipokea, maana pole alikuwa anazihitaji. Mzee Abdulrahman, mwenye funguo za jeneza la msikiti, akaamuru jeneza liletwe, wakaliegemeza ukutani. Wakabishana urefu wa Khalfani kwa ajili ya sanda. Wakakubaliana, wakaongeza shubiri moja kwa heshima.

Mwalimu wa watu hakuelewa. Alidhani mtaa umeitikia na turubai ni la kuwakinga jua; jeneza lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Alikuwa anatazama uwanja unavyojaa, akamwegemea Mwamvita akamnong'oneza, "Somo, unaona. Nilijua mpo, tangu zamani nilijua mpo."

Mwamvita akafumba macho. Joto lilikuwa limeshuka juu ya turubai, moshi wa wali na udi umechanganyika, harufu ya hiliki inatoka ukutani. Nilimwona anavyoyumba taratibu juu ya mto wake, nikajua yuko kwenye yale maji.

Saa tisa Khalfani akaja, na mnunuzi wake nyuma, Bwana Erasmus, mtu wa bara, mpole, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kooni. Khalfani akaona turubai nyumbani kwake, akaona jeneza. Akakaa benchi la nyuma kabisa. Waliomwona walitazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia. Jirani yake pale benchini alikuwa Mzee Abdulrahman, ambaye macho yake yana ukungu miaka mingi sasa.

"Mzee, shikamoo. Kafariki nani?"

"Marahaba. Kijana wetu Khalfani."

Khalfani akalitazama tena jeneza.

"Khalfani yupi?"

"Wa friji. Mtu wa watu yule. Alinitengenezea friji yangu mara nne."

"Mara nne?"

"Ilikuwa haiponi. Lakini alikuwa anakuja." Mzee akapangusa macho. "Namwonea huruma mkewe. Nyumba hii wameijenga wote wawili, nimeona mimi mwenyewe wakati ninaona. Yule binti kabeba maji ya zege kichwani na mimba ya miezi saba. Mchana anabeba maji, alfajiri anakaanga vitumbua. Ukiniuliza mimi, vyumba vya mbele ni vya Khalfani, vya nyuma na choo na ukuta wote ni vya Salma."

Bwana Erasmus alikuwa ameinama kusikiliza. "Kumbe mama naye ni mwenye nyumba?" akauliza kwa upole.

"Wewe mgeni, eh? Muulize yeyote hapa."

Khalfani akakohoa. "Mzee. Ni mie."

Mzee akampapasa uso, masikio, akamshika mkono akaupima. "Una moto," akasema. "Basi bado."

Hapo ndipo pakachafuka. Mke wa muuza mkaa alizimia kwa awamu, akichagua pa kuangukia. Mpishi akafunika sufuria. Mtu mmoja akapanda bodaboda kuwawahi vijana wa makaburini, ambao walishachimba mpaka kifuani. Khalfani akasimama katikati ya uwanja wake, jasho linamtoka.

"Nani kaniua?"

Mwalimu Tupokigwe akanyanyuka, mrefu, fulana yake ya zambarau inaonekana pale kanga ilipoteleza. "Hakuna aliyekuua, baba. Tumekuja kukaa na Salma. Tunaomba uzungumze naye habari ya nyumba, mbele ya watu."

Khalfani akayasoma yale maneno ya kifuani. "Aa. Ni nyie." Akatugeukia wote, uwanja mzima, polepole, uso kwa uso. "Kwa hiyo mtaa wangu wote ni wanaharakati. Mama Monica, na wewe?"

"Mie nilikuja msibani," Filomena akasema haraka.

"Wewe?"

"Msibani, shemeji."

"Wewe je?"

"Mie nilisikia umekufa tu, kaka yangu."

Na mikeka ikaanza kukunjwa. Sauti ile siisahau, ukindu unavyokwaruza mchanga, mmoja, mwingine, mwingine. Mwalimu alikuwa anaangalia huku na huku, na niliona anavyoelewa, taratibu, jinsi mtu anavyoelewa maji yanaingia ndani ya nyumba. Salma hakugeuka nyuma. Alikaa pale pale, mashavu yale yale. Mie mkeka wangu nilikuwa nimeukunja nusu.

Khalfani akafika kwa Mwamvita. Sauti ikapungua, kwa sababu yule ni kungwi wa mkewe.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, baba."

"Wewe ndiye uliyenifundia mke huyu. Miaka kumi na minne hajanijibu. Nakushukuru kila siku. Niambie tu, na wewe ni wa hawa? Au ulikuja msibani?"

Alikuwa amempa mlango na ameushikilia wazi. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, msibani, na harusi mbili zilikuwa zinamsubiri upande wa pili. Mwenye moja ya harusi hizo, mama wa bibi harusi, alikuwa amesimama palepale na mkeka kwapani, anamtazama.

Mwamvita akajaribu kunyanyuka, nyonga ikakataa, nikamshika. Akauokota mto wake. Akafungua fundo la kanga iliyouzunguka, akaivuta. Zambarau ikatoka. Akaushika mto kifuani kwake, kama mtu anavyombeba mtoto, maneno yakitazama mbele.

"Mie ni wa hawa," akasema. "Nimelala juu ya maneno haya miezi minane, baba. Leo nimechoka kuyakalia."

Kisha akaomba kikombe cha maji. Nikampelekea mie. Akamwinamia Salma.

"Mwali wangu, fungua kinywa." Salma akafungua, kama zamani. "Shika hapo." Mashavu yakajaa. Wanaume wote wanaangalia, jambo ambalo halijawahi kuonekana juu ya ardhi hii tangu enzi za wale fisi wawili, fundisho la chumbani linatolewa uwanjani saa tisa mchana. "Hili nilikufundisha nusu," Mwamvita akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikufundisha kushika. Nusu nyingine sikuijua. Nisamehe. Sasa tema."

Salma akatema.

Mnaweza msiamini, lakini mie nilikuwa mkeka wa tatu. Maji yale hayakuwa ya kikombe kimoja. Yalitoka yakaenda, baridi, maangavu, yakapita chini ya mabenchi, yakazinyanyua ndala za watu mlangoni, nikaziona zinaelea moja baada ya moja kuelekea barabarani, na ile ya Mwalimu yenye waya imetangulia. Mchanga wote wa uani ukabadilika rangi. Na Salma akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akasema kwa sauti ambayo wengi wetu ndiyo kwanza tunaisikia:

"Khalfani, nyumba hii haiuzwi bila mie."

Basi, hilo tu. Khalfani alimgeukia mnunuzi wake. Bwana Erasmus ndiye aliyezungumza. "Mimi, ndugu yangu, sinunui kwa mtu mmoja kitu cha watu wawili," akasema. "Tena nilikuta jeneza." Akampa pole kila mtu, hakujua ya nini, akaondoka.

Mikeka mingine ilitandikwa tena. Si yote. Filomena alirudi akakaa, fulana bado ndani nje. Mke wa muuza mkaa alikwenda kwao. Mama wa bibi harusi aliondoka bila kuaga. Na mie, kwa kuwa nasema kweli leo, sikuukunjua wangu mpaka mwisho. Nilikaa juu ya ile nusu. Lakini nilikaa.

Khalfani alikula wali wa msiba wake sahani mbili, kwa sababu alikuwa hajala tangu asubuhi, na Salma ndiye aliyempakulia. Ijumaa yake wakaenda wote serikali ya mtaa, Mzee Abdulrahman akiwa shahidi, wakaandikisha nyumba kwa majina mawili. Mtu wa Goba sijui aliambiwa nini. Lile shimo la makaburini lilifukiwa nusu, wakaacha nusu, Khalfani hapendi kupita njia ile.

Harusi mbili zile hazikumwita Mwamvita. Na ya tatu pia. Kingoma kilining'inia ukutani, ngozi ikaanza kulegea, maziwa jikoni kwake yakawa yanahitaji moto kama ya watu wote. Wapo waliokuwa wanavuka barabara wakimwona. Hakulalamika. Alikuwa anaanika ile fulana kambani kila Jumatatu, maneno nje, inakauka, anauvalisha mto. Niliwahi kumuuliza kama anajuta. Akaugeuza mto upande wa pili, mchana umesimama juu ya mabati, akasema, "Najuta kwamba kingoma kinaharibika." Na ile ndoto, nikamuuliza. Akasema bado inakuja, ila sasa maji yako kwenye vifundo vya miguu tu, na mama yake anamcheka.

Mwezi uliopita, saa nane mchana, tuko barazani, akaja Filomena. Nyuma yake binti yake Monica, kichwa chini, amechumbiwa. Filomena alichungulia barabara kwanza, kulia na kushoto, halafu akakaa.

"Somo, nimekuletea mtoto. Mfunde kama ulivyotufunda." Akasokota kanga. "Na ile ya uani pia umfundishe."

"Ile sifundishi dirisha limezibwa," Mwamvita akasema.

Filomena akatazama barabara tena. Alikuwepo kinyozi, alikuwepo muuza maji, walikuwepo wanawake wawili wa kwa mjumbe.

"Haya," akasema. "Acha wazi."

Mwamvita akanyoosha mkono, nikamwinua. Akakichukua kingoma ukutani, akakipigapiga kwa kidole kusikia kama bado kinaitika, akaingia chumbani na mto wake kwapani. Monica akamfuata. Dirisha walilisukuma mpaka likagonga ukuta, na mie nikasikia jikoni, naapa, maziwa yanaanza.